Mizizi Huchemshwa, Lakini na Nani?

Kitabu cha mitishamba kinachotajwa sana Kenya hakina mtu ndani yake. Kina mizizi, maganda, majani, utomvu na mbegu. Kina majina ya Kilatini na majina ya lugha za mama zetu. Lakini ukitafuta mkono unaochimba huo mzizi, huuoni. Nazungumzia Medicinal Plants of East Africa cha Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilitoka mara ya kwanza 1976, kikatolewa upya 1993, kisha tena 2009. Si vitabu vingi vya hapa kwetu vinavyopata maisha matatu.

Nataka kukisoma kama maandishi, vile tunavyosoma riwaya au diwani kwenye kurasa hizi. Najua hakikuandikwa kwa ajili hiyo. Ni kitabu cha kufungua unapotafuta mmea fulani, unapata ulichotaka, unafunga. Lakini maandishi yoyote yana sarufi, na sarufi huamua nani ataonekana na nani atakaa nyuma ya pazia.

Sentensi ya kawaida ya vitabu vya aina hii ni hii hapa. (Nimeitunga mwenyewe kuonyesha mtindo, si nukuu.) Mizizi huchemshwa na maji yake hunywewa kwa maumivu ya tumbo. Majani hupondwa na kupakwa kwenye kidonda. Ganda huloweshwa usiku kucha. Kokwaro aliandika kwa Kiingereza, lakini jaribu kumtafsiria rafiki yako ukurasa mmoja tu, utaona Kiswahili chenyewe kinakuletea hiyo "hu-". Sasa kumbuka darasa la sarufi kabla ya KCSE. Kiambishi "hu-" hakibebi nafsi. Ni mimi, ni wewe, ni wao, hakisemi. Kisha kitenzi chenyewe kiko katika kauli ya kutendwa. Yaani mtendaji amefutwa mara mbili: mara moja mwanzoni mwa neno, mara ya pili mwishoni. Mizizi huchemshwa. Sawa, lakini na nani?

Swali hilo si la kuchokoza. Nadhani ndilo swali kubwa kwa mtu yeyote wa rika letu anayetaka kujifunza mimea, na tuko wengi siku hizi. Jiji limetuchosha, dawa ni ghali, na kuna kitu kinachovutia katika wazo kwamba kichaka cha nyuma ya nyumba kinajua jambo ambalo wewe hulijui.

*

Kwanza nimtendee haki Profesa. Kauli ya kutendwa haikuwa uvivu. Fikiria mazingira. Kenya ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa 1925, enzi ya mkoloni, na mtu aliyeshika mizizi kwenye mfuko angeweza kushukiwa kirahisi kuwa ameshika kitu kingine. Makanisa mengi yalifundisha kwamba dawa ya kienyeji na mizimu ni ndugu wa tumbo moja. Halafu, miaka 13 baada ya uhuru, anatokea Mkenya mwenye cheo cha chuo kikuu, anachukua mzizi uleule, anauondoa kwenye mfuko wa mganga, anauweka mezani, anaupa jina la jenasi na spishi na familia, kisha anaandika kwa sauti tulivu kabisa: huchemshwa.

Hiyo sauti tulivu ilikuwa ushindi. Ilisema kwamba jambo hili si siri wala laana, ni maarifa, na maarifa yanaweza kuandikwa bila kuogopa. Kumtoa mganga kwenye sentensi kulikuwa kumtoa kizimbani.

Na Kokwaro hakuwa mtu wa kudharau lugha ya nyumbani. Mwaka 1972, kabla ya kitabu hicho, alitoa kamusi ya mimea ya Kijaluo na Kiingereza. Mwaka 1998, pamoja na Timothy Johns, alitoa Luo Biological Dictionary. Mtu anayekaa Mbita kama mimi anajua thamani ya kamusi hizo. Mtu akikuambia pedo, unafungua, unapata Harrisonia abyssinica. Akikuambia roko, unapata Zanthoxylum chalybeum. Ober ni Albizia coriaria. Jina la kijijini linakuwa ufunguo, na ufunguo unakufungulia maktaba nzima ya dunia.

Lakini ufunguo unafungua mlango wa maktaba tu. Kichaka hakina mlango.

*

Kwa Kijaluo, yath ni mti na yath ni dawa. Neno ni lilelile. Kiswahili nacho kinakaribia hapo tunaposema "mitishamba". Ukikaa na neno hilo kwa muda unaona linasema jambo zito: huwezi kuijua dawa kama huujui mti, na mti haukai kwenye ukurasa. Mti unakaa mahali, una majirani, una umri, una msimu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea mimea. Nilichojifunza kuhusu vichaka vya hapa nimekipata kwa kufuata mama mmoja mzee kwenye miteremko ya vilima vya Gembe, nyuma ya mji wa Mbita, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Yeye huniita nyakwara, mjukuu wangu, ingawa hatuna undugu. Mimi humwita dana. Mafunzo yetu hayana ratiba. Anaenda kutafuta kuni au mboga, mimi nabeba gunia, na njiani kuna mimea.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba dana hasemi "hu-" hata siku moja. Anaongea kwa masharti. Ukiona gome limepasuka hivi, chukua. Ukikuta wadudu wameshakula mzizi, acha. Mvua ikinyesha jana, usichimbe leo. Mtu akiwa mjamzito, usimpe kabisa. Usipoona miiba, si wenyewe.

Hiyo ya miiba ndiyo iliyonifanya nianze kuandika makala haya, kwa hivyo niieleze vizuri. Ochuoga, Carissa edulis, ni kichaka ambacho kila mtoto wa huku anakijua kwa sababu matunda yake madogo meusi yanaliwa, na mizizi yake ni dawa kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na yananukia vizuri. Majani yake yamepangwa mawili mawili, yakitazamana. Ukikata tawi, linatoa maziwa. Sasa soma tena maelezo hayo, kwa sababu karibu yote yanamfaa pia ndugu yake, Acokanthera, yule msunguti ambao wawindaji wa sehemu nyingi za Kenya walichemsha wakapata sumu ya kupaka kwenye mishale, sumu inayosimamisha moyo. Wote wawili ni wa familia moja, Apocynaceae, kwa hiyo kitabu kikipangwa kwa familia wanakuwa majirani wa kurasa chache. Shambani kinachowatenganisha kwa haraka ni miiba: ochuoga anayo, msunguti hana.

Dana hajawahi kulitaja neno Apocynaceae. Lakini somo la ochuoga kwake halianzi na matumizi. Linaanza na "si huyu". Aliniambia niguse miiba kabla ya kugusa tunda, kila mara, hata kwenye kichaka nilichokijua tangu juzi. Nilipouliza mbona kila mara, alijibu, "Nyakwara, jicho linachoka. Kidole hakichoki."

Mfano mwingine. Mwarobaini mnaujua. Jina lenyewe ni tangazo, eti magonjwa arobaini. Ulitoka Asia, na miaka ya 1990 wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kampasi yake hapahapa Mbita, waliufanyia kampeni kubwa kama dawa ya kufukuza wadudu. Lakini kuna mti mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, ambao wengi huku huuita dwele. Ni wa ukoo uleule, na umepandwa kwenye nyua nyingi kwa sababu ya kivuli chake. Matunda yake yana sumu. Watu huchanganya miti hii miwili kila siku. Tofauti iko kwenye jani: kwa mwarobaini, vijani vimejipanga pande mbili za kikonyo kimoja, basi. Kwa dwele, kikonyo kinatoa vikonyo vingine, na vijani vinajipanga kwenye hivyo vidogo. Jani limegawanyika mara mbili. Ukishaonyeshwa mara moja, huwezi kuacha kuliona. Usipoonyeshwa, unaweza kupita chini ya miti yote miwili miaka ishirini ukiita yote mwarobaini.

Kwa hiyo ndicho ninachodai: maarifa ya mitishamba hayakai kwenye "hu-". Yanakaa kwenye "-ki-" na "-sipo-". Yanakaa kwenye kama, la sivyo, isipokuwa, na si huyu. Kitabu kinachoorodhesha matumizi kimehifadhi jibu na kutupa masharti ya jibu. Na katika jambo hili, masharti ndiyo yanayookoa maisha.

*

Kitabu kingebaki maktabani, hilo lisingekuwa tatizo kubwa. Mtu anayefungua Kokwaro kwa kawaida ana subira, na subira ni aina ya tahadhari. Tatizo ni kwamba siku hizi "hu-" imehamia kwenye simu, na ilipofika huko ikabadilika kuwa amri.

Unazijua hizo posti. Picha ya majani kwenye kikombe, muziki wa filimbi, maandishi makubwa: Chemsha. Kunywa asubuhi na jioni siku saba. Utanishukuru baadaye. Sentensi ya kutendwa imekuwa sentensi ya kuamuru, na mtendaji amerudi, ila sasa mtendaji ni wewe, peke yako jikoni Umoja au Kayole, na majani uliyonunua kwa mtu ambaye naye aliyanunua kwa mtu. Kauli ya kutendwa ilimficha mwenye ujuzi. Kauli ya kuamuru inafanya kama hakuwahi kuhitajika.

Tazama kilichopotea njiani. Kipimo hakipo. Jina la mmea limekuwa la Kiswahili cha sokoni, na jina moja la sokoni linaweza kubeba mimea mitatu. Mjamzito hakutajwa, wala mwenye ugonjwa wa ini, wala anayemeza vidonge vya hospitali. Msimu haukutajwa. Na mti wenyewe haukutajwa: hakuna posti inayokuambia kwamba ukibandua ganda kuzunguka shina lote, mti unakufa. Prunus africana, mti wa misitu yetu ya milimani ambao ganda lake liliuzwa Ulaya kwa dawa za tezi dume, ulibidi kuwekewa udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 1995 kwa sababu ya kubanduliwa vibaya. Dana akichukua ganda huchukua kipande kidogo upande mmoja. Akichimba mzizi huchimba upande mmoja pia, na hurudisha udongo akaukanyaga. Anajua atarudi.

Naomba nieleweke. Sisemi watu waache simu, na sisemi malaria itibiwe porini. Mtoto akiwa na homa, apelekwe hospitali. Nasema kwamba sarufi mbili zinazotufundisha mimea, ile ya kitabu na ile ya simu, zina pengo mahali pamoja.

*

Je, kuna maandishi yaliyojaribu sarufi nyingine? Yapo, na baadhi yanatoka ng'ambo tu ya ghuba, upande wa Siaya.

Mwaka 2001, Ruth Prince na Wenzel Geissler, wanaanthropolojia waliofanya kazi miaka mingi Bondo, walichapisha makala kuhusu mganga mmoja mwanamke wa Kijaluo na mjukuu wake. Kichwa chake kinazungumzia mchakato wa kuwa jathieth, yaani anayetibu. Ni maandishi ya kitaaluma, lakini yana kitu ambacho orodha haina: watu wawili. Mtoto hakalishwi akasomeshwa. Anaishi na bibi yake, anatumwa, anaona nani amekuja na ameondoka vipi, na ujuzi unaingia kupitia uhusiano huo. Huwezi kuung'oa ukaupeleka peke yake, kama vile huwezi kung'oa mche bila udongo ukategemea ushike.

Mwaka 2002 Geissler na wenzake walitoa utafiti mwingine kutoka Bondo, juu ya mimea inayotumiwa na akina mama na watoto. Nauona huo kuwa na ujumbe mkali zaidi kwa sisi tunaopenda picha ya mganga mwenye ngozi na kibuyu. Unatuonyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa za mitishamba ni mambo ya nyumbani tu. Ni mama anayejua la kufanya mtoto akiharisha, na ni watoto wenyewe wanaojua majani ya kidonda. Maarifa hayakuwa ya bingwa mmoja. Yalikuwa kama kupika.

Lawama yangu kwa maandishi haya ni ya aina nyingine. Yanakaa kwenye majarida ya kitaaluma, ambayo hakuna duka la vitabu Homa Bay litakuuzia. Bibi na mjukuu wametoka kwenye kauli ya kutendwa, wakaingia chumba ambacho watu wao hawana ufunguo wake.

Kisha kuna Grace Ogot. The Promised Land, riwaya yake ya 1966, inasimulia mtu na mkewe wanaohamia Tanganyika kutafuta utajiri, hadi mume anapopigwa na ugonjwa wa ngozi wa kutisha ambao hospitali inashindwa kuuelewa, na mganga anauponya. Ogot alikuwa amesomea uuguzi, kwa hivyo hakuandika kwa kutojua wodi inavyofanya kazi. Na angalia anavyofanya: huwezi kutoka kwenye riwaya ile ukaenda kumtibu mtu yeyote. Mimea si mafunzo yake. Anachotupa ni masharti. Mgonjwa anapona, lakini hawezi kupona na kubaki na kila kitu. Lazima waondoke, waache mali, warudi nyumbani kuvuka ziwa. Uponyaji una bei, na bei haiandikwi kwenye chupa. Riwaya imehifadhi kile ambacho orodha imekitupa, na imetupa kile ambacho orodha imekihifadhi.

Hapo ndipo mhakiki anaweza kuridhika na kusema: basi, orodha kwa mwili, riwaya kwa roho, kila mtu abaki kwake. Mimi sitosheki na mgawanyo huo. Chukua yago, Kigelia africana, ule mti wenye matunda yanayoning'inia kama soseji kubwa. Orodha itakuambia tunda lake ni dawa ya hili na lile, na kwingine hutumika kutengeneza pombe. Lakini kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, tunda la yago huzikwa badala yake. Hapa ziwani, ambako wavuvi huenda na wakati mwingine mawimbi hayawarudishi, hilo si hadithi ya zamani. Sasa niambie, hayo ni "matumizi"? Yanaingia safu gani? Ni mmea uleule, ni elimu ileile, na mtu anayejifunza yago bila kujua hilo hajaujua yago. Ni mojawapo ya miti inayomfundisha mwanafunzi kunyamaza.

*

Sasa nilifikiri jibu ni rahisi: tuandike majina. Kila penye "huchemshwa", tuweke mama fulani wa kijiji fulani. Haki yake irudi kwake.

Dana alikataa. Hataki jina lake, hataki kijiji chake, hataki picha. Sababu yake haikuwa aibu. Aliniambia mwanamke mzee anayejulikana kwa mizizi ana siku mbili: siku mgonjwa anapopona anaitwa nyamrerwa, na siku mgonjwa anapokufa anaitwa jajuok. Jina la kwanza ni la mama anayetibu. La pili ni la mchawi. Anayehamisha mtu kutoka jina moja hadi lingine si yeye.

Haongei hewani. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, kaunti jirani ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2008 pia, huko Kisii, wazee walichomwa moto kwa tuhuma zilezile. Ukijua hayo, unairudia ile "hu-" ya Kokwaro kwa jicho lingine. Kumfuta mtendaji kunaweza kuwa dhuluma, na kunaweza kuwa kumfunika mtu blanketi. Pengine ni vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nimelirekebisha dai langu. Kinachokosekana kwenye kitabu si jina la mtu, ni uamuzi wake. Dana anaweza kubaki bila jina na bado sentensi ikawa yake, kama tutaandika alichokataa, alichosubiri, alichokagua kwa kidole, na wakati aliposema turudi nyumbani, leo hakuna kitu. Mtu anaweza kufichwa bila kufutwa.

*

Na mfano wa maandishi kama hayo upo, tena upo ndani ya botania yenyewe. Ni ile lebo ya hebaria. Mtaalamu anayekusanya mmea huukandamiza kati ya magazeti, huukausha, kisha huubandika kwenye karatasi pamoja na lebo: nani amekusanya, namba gani, tarehe gani, mahali gani, udongo gani, mmea ulikuwa na urefu gani, ua lilikuwa na rangi gani kabla halijakauka. Nairobi kuna hebaria kubwa ya Afrika Mashariki, kwenye Makavazi ya Taifa, iliyojaa karatasi hizo. Kila karatasi inasema: mtu fulani alisimama hapa, siku hii, akaona hiki. Ni aina ya fasihi, mkiniuliza. Inahitaji mstari mmoja tu wa ziada: nani alimwonyesha, na kwa sharti gani.

Hata sayansi kubwa ya hapa ilianza kwa "ukiona". Icipe walipokuwa wakijaribu mimea ya kufukuza viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi, walipanda desmodiamu katikati ya mistari. Wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: mahali penye desmodiamu, kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi, lilikuwa linapotea. Kemia ya mizizi ilielezwa baadaye. Kwanza mtu alitembea shambani akatazama vizuri. Mtu huyo na dana wangeelewana.

Hili lina haraka yake. Mbita ni nchi ya Abasuba, na Olusuba, lugha yao ya Kibantu, watoto wengi hawaisemi tena. Wanasema Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kila jina la mmea la Kisuba linalozikwa na mzee linaondoka na masharti yake. Wakati huohuo, sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kaunti kuandikisha maarifa ya jamii zao. Ni jambo jema. Lakini rejista nayo ni orodha, na naiona tayari kwa macho ya akili: safu ya jina, safu ya sehemu inayotumika, safu ya matumizi, na huchemshwa, hupondwa, hupakwa hadi mwisho wa ukurasa. Karani wa Homa Bay atakayeishika kalamu hiyo ana nafasi ambayo Kokwaro hakuwa nayo mwaka 1976. Mganga hahitaji tena kutolewa kizimbani kwa kufutwa. Aongeze safu moja tu: isipokuwa.

Kitabu cha Kokwaro ninakipendekeza. Ukikipata kwa wauza mitumba, usikiache. Ila nenda nacho nje, na nenda na mtu anayejua. Beba penseli. Kila unapokutana na "huchemshwa", andika pembeni ulichoonyeshwa: lini, upande gani wa mti, na nini kilimfanya aliyekuonyesha aseme leo tusichukue. Ukifanya hivyo miaka miwili mitatu, pambizo za kitabu chako zitakuwa kitabu kingine, nacho kitakuwa na watu ndani yake.